Runinga ya Karani

Kiwanda cha minofu kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa wapange foleni mbele ya stoo, kila mtu achague kitu kimoja aende nacho nyumbani. Mwaka ulikuwa tisini na nane. Mvua za El Nino zilikuwa zimeacha kunyesha juzi tu, kipindupindu kilikuwa kimepita kando ya ziwa kama mkusanya kodi, bila kuruka nyumba, na Wazungu huko ng'ambo walikuwa wamesema hawali tena samaki wetu. Meneja alipanda juu ya kreti akaeleza kwamba mshahara wa mwezi wa mwisho haupo, ila kampuni ina moyo. Moyo wenyewe ulikuwa ndani ya stoo: gambuti, visu, mapipa, viti vitatu, mizani moja ya kuning'iniza ya kilo mia, na runinga iliyokuwa juu ya meza ya karani.

Clifford alikuwa wa nne kwenye foleni. Alikuwa amechuna minofu ya mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukosa akili. Shida ya akili zake ni kwamba hazikuja kwa zamu. Zilikuja zote mara moja, zikasukumana mlangoni. Waliomtangulia walichukua viti. Mtu aliyefanya kazi ya kusimama miaka tisa, ukimwambia achague, atachagua kukaa.

"Unachukua mizani?" Nyarangi, aliyekuwa nyuma yake, akamnong'oneza kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe hapana.

"Mizani ni ya akina mama sokoni," Clifford akasema, akaikumbatia runinga ya karani.

Nyarangi alijipenyeza mbele. Aliibeba ile mizani kifuani kama mtoto mchanga, akatoka mbio kabla moyo wa kampuni haujabadilika.

Nyumbani, katika ploti ya vyumba sita mjini Homa Bay, mkewe Phelesia alikuwa akisugua karai. Phelesia aliuza mgongo wazi, yaani kile kinachobaki baada ya samaki kuchunwa minofu yake: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Nyama ilikuwa ikipanda ndege kwenda Ulaya, mifupa ikija kwa Phelesia, akaikaanga, akawauzia watu wa stendi. Kwa hiyo kiwanda kilipofungwa, nyumba ile ilipoteza kazi mbili kwa siku moja. Alikuwa amemwambia mumewe asubuhi hiyo, taratibu, kama unavyomwambia mtoto anayetumwa dukani: lete mizani. Mwenye mizani pale pwani ya ziwa ndiye anayeita bei. Wavuvi humletea samaki wenyewe, naye huwauzia wenye malori.

Aliitazama runinga ilivyowekwa juu ya kitanda. Akaizunguka.

"Hii inapima kilo ngapi, Baba Cate?"

"Mama Cate, sikiliza. Kwa Dahir watoto wanalipa bob tano kucheza gemu. Tano! Wanapanga foleni kama ya kiwanda. Sasa tivi tunayo."

"Na gemu?"

"Gemu ni kitu kidogo," Clifford akasema.

*

Kitu kidogo kiligharimu baiskeli.

Dahir alikuwa na duka la vitambaa na redio katikati ya mji, na nyuma ya duka chumba chenye tivi mbili za rangi ambamo watoto walipigana na majoka tangu shule zifungwe. Wiki hiyo alikuwa ameleta mashine mpya kutoka Nairobi. Ile ya zamani, iliyogeuka rangi ikawa kama meno ya mvutaji sigara, ilikuwa kwenye rafu pamoja na vishikio viwili na kaseti moja ya gemu ya askari.

"Wewe iko tivi?" Dahir akauliza.

"Iko. Kubwa. Ya ofisi."

"Ya ofisi?" Dahir aliacha kupima kitambaa. "Tivi ya ofisi inaonyesha nini? Mkutano?"

"Inaonyesha kitu yoyote ukiiambia."

"Clifford, mimi ni jirani yako, nakwambia mapema. Hii kitu ikipita mlango hii, hairudi. Ukirudi kulia, nitakupa chai, lakini hairudi."

"Baiskeli pia hairudi," Clifford akasema, na akajiona ameshinda.

Jumamosi asubuhi watoto kumi na mmoja walikuwa wamejaa katika chumba kile kimoja, wengine juu ya kitanda cha wazazi. Cate, bintiye mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameandika kwenye katoni kwa mwandiko wa darasa la sita: GEMU KWA CLIFFORD, BOB TATU. Alikaa mlangoni na mkebe wa majarini, akikusanya.

Clifford aliutoa waya wa mashine. Mwisho wake ulikuwa kichwa cha kuingia kwenye tundu la antena. Akaigeuza runinga. Nyuma kulikuwa na waya wa stima, vinundu viwili vya kuzungusha, na kibandiko cha hesabu za mali ya kiwanda. Tundu la antena halikuwepo. Akatafuta kando. Akatafuta chini. Akautia waya mate, sijui kwa nini, pengine kwa sababu uzi huingia kwenye sindano hivyo.

"Baba, washa tu," Cate akasema kwa sauti ndogo.

Akawasha. Kioo kiling'aa kijani, kijani kitupu, pembe hadi pembe.

"Uwanja umetokea!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka kitandani. "Wachezaji bado wanavaa viatu!"

Walicheka mpaka mwenye ploti akaja kuangalia. Walingoja robo saa, kwa heshima kuliko wengi wa rika letu. Kisha wakaanza kudai bob tatu zao, mmoja mmoja, na mkebe ukafunguliwa. Wa mwisho alikosa. Clifford alikuwa amechukua bob tatu mkebeni mapema kununua kiberiti. Phelesia alifungua pindo la leso, akahesabu shilingi tatu kwenye kiganja cha yule mtoto, akamwambia amsalimie mamake.

*

Siku iliyofuata Phelesia alirudi kutoka pwani na beseni tupu. Aliliweka chini bila kelele.

"Nimekutana na Walter wa Sindo."

"Yule wa mashua tatu?"

"Sasa ni nne."

"Anasemaje?"

"Anasema samaki iko. Anasema hataki pesa yangu."

Clifford alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka mezani. Hakuna mtu wa ziwa ambaye hajui maana ya mvuvi anayekataa pesa ya mwanamke. Jaboya, ndivyo wanavyouita mpango huo: mvuvi anakuwekea samaki, wengine wote wakirudi na mabeseni matupu wewe unarudi na lililojaa, na malipo yake hayahesabiwi kwa noti. Priscah, dadake mkubwa Phelesia, alikuwa na mtu kama huyo. Miaka miwili watoto wake walivaa viatu kwenda shule. Mwezi wa Desemba walimzika kwao Rusinga, na gauni lake likabidi kukunjwa na kushikizwa pini mgongoni, kwa kuwa alikuwa amekonda, hakuna gauni lake lililokuwa likimkaa tena. Watu walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Phelesia ndiye aliyemwosha.

"Umemwambia nini?" Clifford akauliza.

"Nimemwambia nitafikiria." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Cate amekunywa uji tu jana na leo. Nakupa mpaka Jumamosi, Baba Cate. Kama hiyo kitu yako haijaonyesha hata mbu, mimi naenda Sindo. Nimekwambia mbele, usije ukasema uliambiwa na watu."

"Itaonyesha."

"Apa."

"Nyasaye mbinguni anisikie."

"Nyasaye anasikia sana," Phelesia akasema. "Sasa tafuta mwenye waya."

*

Mwenye waya alikuwa Migori. Aliitwa Matiko, fundi wa redio, na sifa yake ilifika hadi Homa Bay kwa sababu aliwahi kufungua kompyuta ya watu na kuifunga bila skrubu kubaki mezani. Clifford alifunga runinga kwa shuka la kitanda, akatia mashine ya gemu kwenye gunia, na huko njiani runinga ikalipiwa nauli ya mtu mzima.

Matiko alifunua shuka, akacheka kidogo, kisha akajikaza.

"Mzee, hii si tivi."

"Ni nini?"

"Skrini ya kompyuta. Tivi iko na kichwa ndani, inajitafutia stesheni. Hii haina kichwa. Inakaa tu, inangoja kuambiwa."

"Kama mimi kiwandani," Clifford akasema.

"Ingekuwa ya kisasa, ile ya pini kumi na tano, ningekwambia ufugie kuku. Bahati yako ni ya zamani." Matiko alikwangua kibandiko cha kiwanda kwa ukucha. Chini yake palikuwa na tundu la mviringo, dogo kama punje ya hindi. "Picha inaingilia hapa. Na gemu yako, ona hapa kando, iko na tundu la njano, chini ya hii taka. Hiyo waya ya antena wachana nayo. Tunatoka njano, tunaingia hapa."

"Tundu lilikuwa chini ya karatasi?"

"Chini ya karatasi."

Clifford aliitazama ile karatasi. Alikuwa ameisoma mara kadhaa: MALI YA KAMPUNI.

Matiko alichomelea waya kwa risasi, akachomeka, akawasha. Picha ilitokea ikiporomoka kwenda chini, ikatokea juu, ikaporomoka tena, kama mtu anayeshuka ngazi zisizo na mwisho. Fundi alizungusha kinundu kimoja cha nyuma, taratibu, ulimi nje. Picha ikasimama. Askari wawili walikuwa wamesimama msituni na bunduki, kijani juu ya kijani.

"Na sauti?"

"Hii haina mdomo. Sauti tunapitisha kwa redio." Akavuta redio kuukuu yenye upande mmoja wa spika, akachomeka waya mwingine. Bunduki zikalia dukani. Clifford alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu ile foleni.

"Na rangi?"

"Rangi ni kijani."

"Zote?"

"Mzee, ulitaka rangi ama ulitaka kula?"

Bei ilikuwa mia nane, redio ikiwa ndani. Clifford alikuwa na mia mbili na nauli ya kurudi. Matiko hakugomba. Alipokea mia mbili, akabonyeza kitufe, askari wakafifia.

"Iache hapa. Ukileta mia sita, unabeba. Lakini usikae. Kuna mwalimu anaitaka hiyo skrini."

Jumatano, Clifford alimwendea Nyarangi pwani. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye nguzo mpya, wavuvi wamepanga mstari, na Nyarangi akiandika kwenye daftari, penseli sikioni kama karani.

"Mia sita?" Nyarangi akasema. "Omera, ungeichukua hii siku ile, leo mimi ndiye ningekuwa nakuja kwako." Hakusema kwa ubaya. Alikata mkia wa mbuta, akaufunga kwa gazeti, akampa. "Wa mchuzi. Salimia mama."

Clifford aliuchukua. Mtu anaweza kukataa samaki akiwa ameshiba.

*

Alhamisi asubuhi Phelesia alimuuliza swali moja.

"Uliiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Askari wawili, wanakimbia, wanaruka. Hata mlio uko."

"Kilichobaki ni mia sita."

"Mia sita tu. Watoto ishirini kwa siku, Mama Cate, mara tatu—"

"Sijakuuliza hesabu." Alikuwa amesimama, leso mkononi. "Mwalimu ataichukua. Baiskeli imeenda. Nikienda mara moja, wewe ukiileta, sitaenda tena. Mara moja."

Ilikuwa zamu ya Clifford. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto wa chekechea analo: hapana. Lilikuwa karibu, lilikuwa limefika kooni, na Phelesia alisimama pale pale kulingoja. Clifford aliangalia katoni ya tangazo ukutani. Akaangalia mahali palipokuwa baiskeli.

"Matiko anafunga saa kumi na moja," akasema.

Phelesia alingoja kidogo zaidi, kama mtu anayedhani sentensi haijaisha. Kisha akajifunga leso, akachukua beseni. Mlangoni akamwinamia Cate.

"Wakiniulizia, sema nimeenda Sindo kununua samaki."

"Si ndiyo unaenda kununua samaki?"

"Ndiyo," mamake akasema. "Sema hivyo."

Alirudi Ijumaa mchana na mbuta wanane wakubwa, wametungwa matamvuani kwa kamba ya bluu yenye mafundo mawili kila mwisho. Ilibidi wapimwe, na mizani ya karibu ilikuwa ya Nyarangi. Kila mwenye mashua ziwani ana jinsi yake ya kufunga, na pwani nzima husoma mafundo kama barua. Nyarangi alisoma. Wanawake waliokuwa kwenye mstari walisoma. Mmoja alikohoa, mwingine akauliza habari za Cate kwa sauti ya upole usio wa kawaida, na upole ule ndio uliomchoma Phelesia kuliko kikohozi.

"Kilo arobaini na moja," Nyarangi akaliambia daftari lake, si Phelesia.

Alipokwisha kuwauza, Phelesia alimpa Clifford mia sita, noti kwa noti. Clifford alizipokea kwa mikono miwili, kama anapokea kutoka kwa mkubwa. Kisha akakimbia kuwahi gari la Migori.

*

Na ilifanya kazi. Nasema hivi kwa sababu najua msomaji ameshajiandaa kuona ikiungua. Haikuungua. Jumamosi ile chumba kilijaa mpaka wengine wakachezea dirishani, redio ikipiga bunduki kutoka juu ya kabati na askari wakikimbia kwenye kioo. Tatizo lilikuwa dogo: kwa Dahir askari mmoja alikuwa mwekundu na mwenzake wa bluu, hapa wote walikuwa kijani, na kila mchezo wa wawili uliisha kwa ugomvi.

"Wewe ndiye umekufa!"

"Ni wewe! Mimi ni yule wa nyuma!"

"Wa nyuma ni mimi!"

Lakini bob tatu ni bob tatu. Mkebe wa Cate ulikuwa ukijaa. Walikula ugali na mboga yenye mafuta, Clifford akaanza tena kupiga mluzi akinyoa ndevu, na Phelesia akanunua omena za kukaanga kutoka kwa wanawake wenzake, kwa pesa, za kupimwa kwa kopo. Kwa siku kumi na moja nyumba ile ilikuwa nyumba.

Siku ya kumi na mbili, Phelesia alifungua mlango akakuta mbuta wawili wamening'inizwa kwenye komeo. Kamba ya bluu, mafundo mawili. Mtu wa kubeba mizigo aliyekuwa amesimama kando alisema, "Walter anauliza kama Nyar Rusinga ni mgonjwa."

"Mwambie huyo binti wa Rusinga ni mzima."

"Basi anasema anakungoja."

Aliwaingiza ndani, maana majirani walikuwa wameanza kutoka. Clifford alikuwa akipangusa kioo.

"Nilisema mara moja," Phelesia akasema.

"Basi rudisha."

"Rudisha wewe."

Samaki walikaa juu ya meza katikati yao. Walitazamana na samaki, na samaki wakawatazama, mpaka Cate alipouliza kama atie mafuta kwenye karai. Hakuna aliyemzuia, kwa hiyo akatia.

Mei shule zilifunguliwa. Wateja wakawa wa jioni na wa Jumamosi tu, na Dahir, aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa jirani, akashusha bei ikawa bob mbili, kwa rangi zote. Kamba ya bluu ilikuja tena, ikaja tena. Phelesia alikwenda Sindo Alhamisi mbili. Clifford hakumuuliza anakwenda wapi. Alimuuliza kama atarudi kabla ya giza.

Kisha Jumamosi moja Walter akaja mwenyewe.

Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, gambuti safi, kofia mkononi kama mtu aliyelelewa vizuri. Watoto sita waliokuwa ndani walimpisha benchi la mbele bila kuambiwa. Alimpa Clifford mkono.

"Nasikia una mashine, ndugu yangu. Watu wanaisifu mpaka Sindo."

"Ni ya zamani tu," Clifford akasema. "Karibu."

"Wanachezaje?" Alichukua kishikio kutoka kwa mtoto aliyekuwa akisubiri zamu yake, akakigeuza kwenye viganja vyenye alama za kamba. "Hii ya pili ni ya nani? Kaa, Clifford. Tucheze wawili."

Clifford alikaa. Askari wakatoka msituni, kijani na kijani, wakaanza kukimbia. Nyuma ya pazia karai lilikuwa likitatarika. Phelesia hakutoka kusalimia wala hakuitwa.

"Mimi ni yupi?" Walter akauliza.

"Wa mbele."

"Na wewe?"

"Wa nyuma."

Walter alijifunza haraka. Mchezo wa kwanza aliangushwa na akacheka kwa moyo mweupe. Mchezo wa pili ukaanza. Ndipo Cate aliposimama mbele yake na mkebe, kama alivyofundishwa na babake, kukusanya kutoka kwa kila mtu bila kuangalia sura.

"Bob tatu, mzee."

Walter alitabasamu kwenye kioo, hakugeuka.

"Baba," Cate akasema, "huyu hajalipa."

Watoto wote walimtazama Clifford. Nyuma ya pazia mafuta yalikuwa yakichemka yenyewe. Mkono uliokuwa ukigeuza samaki ulikuwa umesimama.

"Huyo ameshalipa," Clifford akasema.

"Lini? Mimi ndiye niko na mkebe."

"Cate. Kaa chini."

Cate alikaa, akautingisha mkebe karibu na sikio, akasikiliza, hakuelewa. Kwenye kioo askari mmoja alianguka kifudifudi, na redio juu ya kabati ikapiga wimbo wake mfupi wa mshindi.

"Tena," Walter akasema.

Clifford akabonyeza kitufe cha kuanza.